Nani Alikichimba Kisima? Ukame na Matumaini katika Fasihi na Sanaa ya Kenya

Katika maswali ya fasihi ya Kidato cha Nne kuna neno moja ambalo watahini na watahiniwa wamelizoea mno: matumaini. Mtahiniwa anaulizwa aeleze jinsi mwandishi anavyowapa wasomaji matumaini, naye hujibu bila kusita kwamba mhusika fulani amepona, mwovu ameanguka, wapenzi wamekutana, na kwamba baada ya dhiki faraja. Alama zinapatikana, karatasi inafungwa. Wewe mwalimu unayesahihisha insha arubaini za namna hiyo kwa usiku mmoja unajua uchovu wa methali hiyo.

Hata hivyo, kuna dhiki ambazo haziahidi faraja kwa kuwa tu zimedumu. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha katika maeneo kame ya nchi yetu, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Mwaka 2023 wanasayansi walioupima ukame ule walitangaza kwamba joto lililosababishwa na binadamu lilikuwa limeongeza uwezekano wa kutokea kwake kwa takriban mara 100. Kisha, kabla vumbi halijatulia, mvua ya Elnino ikaja mwishoni mwa 2023, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakazoa watu na nyumba, Mai Mahiu ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Mwanafunzi wa Marsabit, Garissa au Kitui aliyekalia dawati lake katika miaka hiyo akiulizwa kuhusu matumaini ana haki ya kutuuliza: matumaini gani, na yanatoka wapi?

Makala haya yananuia kulichukua swali hilo kwa uzito, na kulifuatilia kihistoria. Ili tusitawanyike, tutashika uzi mmoja tu, nao ni maji. Tutatazama jinsi wasanii wetu, wanaojulikana na wasiojulikana kwa majina, walivyousawiri ukame, na kila mara tutauliza swali ambalo ngano ya zamani inatufundisha kuliuliza: nani alikichimba kisima, na nani anakunywa?

Majina ya njaa

Kabla ya riwaya na tamthilia, ukame ulipewa jina. Tanzu zetu za fasihi simulizi huorodhesha methali, vitendawili, misimu, lakabu. Sijaona popote majina ya njaa yakipewa nafasi yanayostahili, ilhali ni sanaa fupi na kali kupita nyingi. Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda wanaikumbuka njaa ya Mwakisenge ya mwisho wa karne ya kumi na tisa. Wamaasai wana Emutai, jina linalobeba maana ya kuangamizwa, kwa msururu wa maafa ya miaka ya 1880 na 1890 wakati sotoka ya ng'ombe, ndui na ukame vilipofuatana kama vilivyopangwa. Wakamba wana Nikw'a Ngwete ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yaani "nakufa nimeshika": pesa ziko mkononi, chakula hakipo madukani. Na ukame wa 1984 wengi wanaukumbuka kwa mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, hata rangi ya unga ikawa tarehe.

Litazame tena jina hilo la Wakamba. Mna kinaya ndani yake, mna taswira ya mkono uliofumba noti, na mna uhakiki wa uchumi ambao wataalamu wangehitaji kurasa kadhaa kuueleza: kwamba njaa haitokani na anga peke yake, bali pia na soko, ghala na barabara. Haya yote kwa maneno mawili. Lakini je, mna matumaini? Nadhani mnayo, ingawa si katika maana ya jina. Anayeipa njaa jina ni yule aliyeivuka, na anaipa jina ili mjukuu wake asiichanganye na nyingine. Jina linadokeza kwamba kutakuwa na watu wa kulitaja. Hayo ni matumaini membamba, lakini hayana uongo.

Kisima cha wanyama

Ngano ya kisima unaijua, na yamkini umewahi kuisimulia darasani. Nchi imekauka. Wanyama wanakutana na kukubaliana wachimbe kisima. Katika masimulizi mengine wanachimba kwa kwato na makucha. Katika mengine wanaikanyaga ardhi kwa zamu, kwa mdundo wa ngoma, mpaka maji yanabubujika. Ndovu anajaribu, nyati anajaribu, na mara nyingi anayefaulu ni mdogo asiyetarajiwa. Sungura peke yake anakataa kazi. Maji yanapopatikana anakuja usiku kuyaiba, anawahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine, hadi kobe aliyejipaka ulimbo anamnasa.

Tumezoea kuifundisha ngano hii kama somo la ujanja wa sungura, na wanafunzi wanacheka. Naomba tuisome upya kama hati ya historia. Watunzi wake walikuwa watu wanaoujua ukame. Hawakusema kwamba mvua itakuja. Katika matoleo niliyoyasikia mvua hainyeshi mpaka mwisho. Wanachosema ni kwamba maji yako chini, kwamba yanahitaji kazi ya pamoja, kwamba kazi hiyo ina zamu, na kwamba shida kubwa huanza pale maji yanapopatikana. Tatizo la kwanza la ngano ni la kimaumbile, nalo linatatuliwa katikati ya hadithi. Tatizo la pili, la ulinzi na haki, ndilo linalobeba msuko hadi tamati. Asiyechimba asinywe: hiyo ndiyo sheria, nayo inajadiliwa na kikao cha wanyama wote. Shujaa mmoja hayupo. Hata kobe ni mmoja tu katika orodha ya walinzi.

Weka jambo hilo akilini, maana litatusaidia tutakapofika kwa waandishi wa siku hizi.

Kando kidogo, kuna hazina nyingine ambayo joto la dunia linaivuruga, nayo ni maarifa ya majira yaliyohifadhiwa ndani ya lugha yenyewe. Waswahili wa pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, na mkulima na nahodha wakajua mwongo gani ni wa kupanda na upi ni wa kutweka tanga. Kaskazi na kusi, masika na vuli, kipupwe na demani: maneno haya ni kalenda. Methali nazo zilisimama juu ya kalenda hiyo. Tunapowaambia wanafunzi kwamba dalili ya mvua ni mawingu, tunadhania kwamba mawingu bado yanasema kweli. Mtoto aliyeyatazama mawingu ya Oktoba 2021 yakipita juu ya boma lao na kwenda zake anaweza kutuambia kwamba methali hiyo imepata ufa. Sisemi tuiache. Nasema tuifundishe pamoja na ufa wake, kwa sababu mwanafunzi huyo anaiona maana mpya ambayo kamusi bado haijaiandika.

Butangi

Tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia ilichapishwa mwaka 2001 na baadaye ikatahiniwa kwa miaka kadhaa. Walimu wengi waliofundisha katika muongo ule wanaweza kuisimulia usingizini: nchi ya Butangi, mtawala Bokono, kisima kinacholindwa ili raia wasichote wapendavyo, Mwelusi anayedai haki ya maji na kuteswa kwa ajili hiyo, na nduguye Gege anayehadaiwa kwa ahadi ya kumwoa Alida, binti wa mtawala, mpaka anamuua ndugu yake mwenyewe pale kisimani.

Namna tulivyoisoma ilikuwa karibu moja kote nchini. Kisima ni jazanda ya rasilimali za taifa, Bokono ni udikteta, Mwelusi ni wapigania demokrasia ya vyama vingi. Usomaji huo ni sahihi, na mwaka 2001, utawala wa chama kimoja kilichokaa madarakani tangu uhuru ukielekea ukingoni, ndio uliokuwa ukichoma. Lakini kwa haraka ya kukifanya kisima kiwe jazanda, tulisahau kwamba kisima ni kisima. Mwandishi ni mzaliwa wa Tharaka, sehemu ya chini na kame upande wa mashariki ya Mlima Kenya, ambako mito inashuka kutoka mlimani kuelekea Tana huku mashamba ya kando yakiwa makavu. Tamthilia yenyewe ilitoka mara tu baada ya miaka mitatu iliyotuonyesha pande zote mbili za anga: Elnino ya 1997 na 1998 iliyobomoa madaraja, kisha ukame uliokausha mabwawa hata ikabidi umeme ugawiwe kwa zamu mwaka 2000. Sidai kwamba mtunzi alikusudia kuandika kuhusu hali ya hewa. Ninachosema ni kwamba hadhira yake ya kwanza ilikuwa imesimama kwenye foleni ya mitungi, na kwa hadhira hiyo kisima hakikuhitaji ufafanuzi wa kitamathali.

Sasa linganisha na ngano. Katika ngano, wote wanachimba na mmoja anaiba. Katika tamthilia, kisima kiko tayari, mwizi ndiye mlinzi, na anayepinga ni mmoja anayekufa kwa niaba ya wengi. Ni kweli kwamba Mwelusi ana wenzake na kwamba kifo chake hakizimi harakati, bali kinazichochea. Lakini uzito wa hisia zetu umewekwa kwenye mwili mmoja kando ya maji. Hili ni badiliko kubwa katika historia ya matumaini yetu, na sijui kama limewahi kutajwa darasani. Matumaini yameondoka mikononi mwa kikao, yakahamia katika damu ya shahidi.

Mbona ikawa hivyo? Jibu moja ni historia ya siasa: nchi iliyoshuhudia wapinzani wakifungwa na kuuawa ilijifunza kuwasimulia mashujaa wake kwa namna hiyo. Jibu jingine ni la utanzu. Jukwaa linataka mhusika mkuu. Ni vigumu kuigiza kazi ya kuchimba inayochukua miezi sita, ilhali kisu kinaigizika kwa dakika moja.

Miche saba

Ilhali nje ya jukwaa kulikuwa na watu waliokuwa wakiichimba ardhi kwa namna ya ngano. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi, na hapo ndipo vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilipoanzia. Makundi ya wanawake vijijini yalianzisha vitalu vyao, yakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Angalia sharti hilo: malipo yalikuwa ya mche ulioshika, si wa mche uliopandwa. Kufikia mwaka 2004, Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, miti iliyokuwa imepandwa ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30. Baina ya miaka hiyo kulikuwa na kisa cha bustani ya Uhuru mwaka 1989, ambapo mnara wa ghorofa 60 ulizuiwa kujengwa, na kile cha msitu wa Karura mwaka 1999, ambapo alipigwa hata akajeruhiwa kichwani.

Maathai hakuwa mtunzi wa riwaya, lakini alikuwa msimulizi hodari, na ngano aliyoipenda katika miaka yake ya mwisho inastahili kuingia darasani. Msitu unaungua, wanyama wakubwa wamesimama wakitazama, ndege mdogo anabeba tone la maji kwa mdomo, analidondosha motoni, anarudi kuchukua jingine. Wanapomcheka, anajibu kwamba anafanya awezalo. Chimbuko la ngano hiyo ni Amerika, na ndege huyo mvumaji haishi Afrika. Kwetu anayefanana naye kwa udogo na kwa mdomo mrefu ni chozi, na yeyote atakayeitafsiri vizuri bila shaka atamwita hivyo. (Mtahiniwa mwenye jicho atakuwa tayari ameruka kwenye Chozi la Heri. Ni sadfa ya lugha tu, lakini ni sadfa tamu, na hakuna ubaya kuitumia darasani kufundisha maneno yenye maana zaidi ya moja.)

Hata hivyo nina shaka kidogo na ndege huyu. Ngano yake inasifu juhudi, haisemi kama moto ulizimika. Inamtukuza mdogo na kuwasahau ndovu wenye mikonga, ambao tone lao moja ni pipa. Katika suala la tabianchi shaka hii si ndogo: nchi za Afrika zimechangia sehemu ndogo sana ya hewa chafu iliyoipasha dunia joto, na si haki kumwambia mtoto wa Turkana kwamba yote yanategemea tone lake. Ngano ya kisima ina haki kubwa zaidi kuliko ngano ya ndege, kwa sababu inamwita ndovu kwa jina na kumpa zamu. Wewe unaweza kuona vingine. Wape wanafunzi ngano zote mbili na usikilize watakavyogawanyika.

Pumzi

Mwaka 2009 mwelekezi Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi, yapata dakika 20, yenye jina la Kiswahili: Pumzi. Mwaka huohuo alitengeneza pia filamu ya habari za maisha ya Maathai, na si vigumu kuona mazungumzo kati ya kazi hizi mbili. Kwa kuwa filamu haitahiniwi katika karatasi ya fasihi, walimu wengi hawajaitazama. Itafuteni. Ni bunilizi ya kisayansi, utanzu ambao katika Kiswahili bado una watunzi wachache.

Miaka 35 imepita tangu Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo vilikuwa Vita vya Maji. Juu ya ardhi hakuna kinachoota. Watu wanaishi ndani ya jamii iliyofungiwa iitwayo Maitu, neno la Kikuyu lenye maana ya mama. Umeme wanauzalisha kwa miili yao wakikimbia juu ya mitambo. Jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena. Ndoto zinazimwa kwa dawa. Asha ni mhifadhi katika makavazi ya viumbe vilivyokwisha. Siku moja anapokea kifurushi kisicho na jina la aliyekituma, ndani yake mna udongo. Anaupima na kukuta una unyevu na hauna sumu. Anauwekea mbegu kongwe ya makavazi, na mbegu inachipuka. Anaomba kibali cha kutoka, baraza linamkatalia, anatoroka kwa msaada wa mwanamke anayefanya kazi ya usafi, kisha anatembea jangwani akiubeba mche, mpaka anafika mahali anapoupanda, anaumwagia maji yake ya mwisho na hata jasho lake, na kuukinga na jua kwa mwili wake. Kamera inapaa. Pale alipolala kunakuwa na mti.

Hapa tuko tena kwa Mwelusi, mwili mmoja kando ya uhai wa wengi. Wahakiki wengi wameusifu mwisho huu kuwa wa matumaini, na kwa hakika unapendeza jicho. Lakini ninakuomba usiharakishe. Matumaini ya Pumzi, kwa maoni yangu, hayako katika ule mti wa mwisho bali katika matukio mawili madogo yaliyotangulia, ambayo mtazamaji anaweza kuyapita. La kwanza ni kile kifurushi. Kuna mtu, huko nje au humo ndani, aliyeuona udongo ulio hai na akaamua kumtumia mwingine badala ya kunyamaza. La pili ni mfanyakazi wa usafi, ambaye Asha alikuwa amemgawia maji yake kidogo mapema katika hadithi, na ambaye anamfungulia njia ya kutoka. Bila yule aliyetuma na bila yule aliyefungua, Asha hafiki popote. Ukilitazama hivyo, kikao cha wanyama hakijafa kabisa. Kimejificha, kila mmoja akifanya zamu yake bila kumjua mwenzake, kwa sababu utawala hauwaruhusu kukutana.

Usomaji huu pia unapunguza mzigo tunaowatwika wahusika wa kike. Tumeandika mno kuhusu mwanamke kama mlezi anayejitoa mhanga, na wasichana wetu wanausikia wimbo huo tangu darasa la kwanza. Jina la jamii ni Mama, mbegu ni ya mama, na anayekufa ili mti uote ni mwanamke. Mwalimu anaweza kuuliza kwa haki kabisa: baraza lilikuwa likifanya nini?

Msitu wa Mamba

Tukirudi kwenye vitabu vilivyotahiniwa, riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, ya mwaka 2014, inaleta jambo ambalo halikuwemo Butangi wala Maitu. Huko mhalifu alijulikana. Hapa anayefyeka msitu ni mtu tunayempenda. Lunga tangu shuleni alikuwa mtetezi wa mazingira. Alipokuwa kazini aliachishwa kazi kwa kupinga watu kuuziwa mahindi yaliyoharibika. Huyu ni mwadilifu wa kupigiwa mfano. Na ni yeye huyu ambaye, baada ya kupoteza kazi, anahamia Msitu wa Mamba na kuwa mmoja wa wanaoukata na kuulima, mpaka serikali inapokuja kuwafurusha.

Watahiniwa huandika kwamba hiki ni kinaya, na wanapata alama yao moja. Kinaya hicho kinastahili zaidi ya alama moja. Mwandishi anatuambia kwamba elimu ya mazingira peke yake haiulindi msitu. Mtu anayejua kila kitu kuhusu miti ataikata ikiwa ameporwa njia nyingine ya kulisha watoto. Anayeijua historia ya msitu wa Mau, na kufurushwa kwa watu huko mwaka 2009 na tena 2018 na 2019, hahitaji kuelezwa kwamba hili halikubuniwa hewani. Pande zote zina hoja. Msitu ukiisha, mito inakauka na walio chini wanakosa maji. Familia zikitolewa bila pa kwenda, ni madawati mangapi yanabaki matupu?

Je, riwaya inatoa matumaini juu ya msitu? Sioni kama inayatoa, na naiheshimu kwa hilo. Inatoa matumaini juu ya watoto: Umulkheri, Dick na Mwaliko, ndugu waliotawanyika, wanakutana tena. Msitu unabaki swali. Mwanafunzi atakayeandika kwamba suala la mazingira halitatuliwi, akatoa ushahidi wake kutoka katika kisa cha Lunga, ameisoma riwaya vizuri kuliko yule anayebandika methali ya faraja mwishoni mwa kila aya. Sisi tunaosahihisha tuwe tayari kumpa alama zake.

Chombo cha Lamu

Nje ya maandishi kuna kazi moja ambayo siwezi kuipita, kwa kuwa imejibu swali letu kwa mbao zisizo mbao. Kuanzia 2016, mafundi wa Lamu wakiongozwa na fundi Ali Skanda walikusanya takataka za plastiki, wakaziyeyusha, wakazifinyanga kuwa mataruma na mbao, wakaunda chombo cha tanga cha mita tisa hivi kwa ufundi uleule wa jadi wa kuunda vyombo. Mwili wake ukafunikwa kwa kandambili kama 30,000 zilizookotwa ufuoni, rangi zote. Wakakiita Flipflopi. Kilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri yapata kilomita 500 hadi Unguja. Katikati ya kazi hiyo, Agosti 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki.

Plastiki si suala la tabianchi moja kwa moja, ingawa inatokana na mafuta yaleyale. Kinachonivutia ni kwamba fundi hakubuni umbo jipya. Alichukua sanaa aliyorithi, akabadilisha malighafi. Hivyo ndivyo watunzi wa mashairi ya arudhi wamefanya kwa karne kadhaa, wakitia mambo mapya ndani ya vina na mizani vya kale. Na tena, chombo hakiundwi na mtu mmoja.

Kwa darasa lako

Ukipenda kuyajaribu haya, usianze na kitabu. Anza na majina ya njaa. Waambie wanafunzi, kila mmoja, wakamuulize mzee wa nyumbani ukame au mafuriko anayoyakumbuka yanaitwaje, kwa lugha gani, na kwa nini yaliitwa hivyo. Katika shule ya mseto utapata majina kwa lugha sita au saba. Katika shule ya kijiji kimoja utapata jina moja lenye maelezo yanayopingana, na hilo ni bora zaidi. Yaandikeni kwa lugha yaliyotolewa, tafsiri ya Kiswahili chini yake, na mwaka kando kama unajulikana. Kisha waulize kuhusu ukame wa 2020 hadi 2023, ambao wao wenyewe walikuwepo. Kwa baadhi ya jamii huenda jina lipo tayari. Pale ambapo halipo, wapeni dakika ishirini walitunge, na kila atakayetunga aeleze mbele ya wenzake ni nani aliyeachwa nje ya jina lake: mchunga ngamia, mwenye duka, afisa wa msaada, mama aliyeamka saa tisa usiku kwenda foleni ya maji.